Jino la Mke Mwenza

Kila Jumanne asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka kwenye paa la vioo, bibi mmoja wa miaka themanini na ushei aliingia Nyumba ya Wakandikaji pale Tabora, akavua viatu mlangoni, akamwamkia msichana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," aliitikia Msimbi, ambaye kwa kumtazama usingempa zaidi ya miaka ishirini na mitano. "Goti linasemaje?"

"Lipo. Halijanihama."

Wakacheka wote wawili. Bi Kashindye alicheka kwa ufizi mtupu, maana meno yake ya bandia aliyaacha nyumbani kila Jumanne. Yalimsumbua akicheka, na huku alikuja kucheka. Msimbi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakamua masega juu ya sufuria, na asali ilikuwa ikishuka polepole bila kufika chini. Jua lilipoangaza paa, uliweza kuona matofali ya nyuma kupitia bega lake. Bi Kashindye hakujali hayo. Alivuta mkeka, akakaa karibu kadiri alivyoruhusiwa, akaanza kusimulia wiki yake: chai ya Bustanini, kule makazi ya wazee, haina tangawizi, mume wake Luhende ameficha tena dawa chini ya godoro, juzi ameota mvua inanyesha ndani ya nyumba na hakuna aliyelowa.

Nyuma ya kioo, Nyamizi aliwatazama na kikombe chake cha uji mkononi. Kazi haikumtaka awatazame kila wiki, lakini nani angemkataza? Msimbi alikuwa wake. Yeye ndiye aliyemwandika, kuanzia kishimo cha shavuni mpaka tabia ya kucheka kabla ya kumaliza sentensi, na kila Jumanne alipata raha ya mpishi anayechungulia mezani kuona nani ameongeza chakula.

"Ungekuwepo siku ile," alisema Bi Kashindye, kama alivyosema kila wiki, "usingekubali wanichukue."

"Nisingekubali."

"Yeye hata nje hakutoka. Gari limewaka, mimi nalia, Bibi Wande yuko ndani. Mama akaniambia, nyamaza, bibi yako amekuchoka."

"Wande alikuwa na moyo mgumu," alisema Msimbi kwa upole. Hilo nalo Nyamizi ndiye aliyeliandika.

*

Juu ya mlango wa Nyumba palichongwa maneno: Wanaume waliandika, wanawake walikandika. Nyamizi aliyaona yanajitapa kidogo, lakini ndiyo yaliyomweka mjini. Habari za wanaume wa zamani zilikuwa mahakamani, makanisani, misikitini na kwenye vituo vya reli. Habari za wake zao zilikuwa kwenye kuta. Mwanamke akikandika nyumba huongea, koo lake likatetemeka, mtetemeko ukashuka mkononi ukaingia kwenye udongo mbichi, na udongo ukakauka nao. Hakuna aliyelijua hilo mpaka ulipopatikana mwanga mwembamba wa kupitisha juu ya ukuta, unywele kwa unywele, ukayasoma mawimbi yale na kuyarudisha kuwa sauti. Mashine yenyewe waliiita Sikio.

Sikio lilikuwa na ubishi wake. Lilimsikia aliyekandika tu. Aliyesimama pembeni akijibu, akicheka au akilia, hakuacha kitu. Na katika ukuta mzima ungepata maneno ya kujaza kiganja, mengine yote yameliwa na mchwa na mvua. Hapo ndipo walipohitajika wajazaji. Mjazaji alichukua maneno yale machache, akachukua na kumbukumbu za ukoo, akaandika hadithi nzima ya mwanamke, utoto wake na mapenzi yake na vyungu vyake. Hadithi ikapewa sauti na mwili wa nuru, na huyo akaitwa mkazi. Wageni walimsikia mkazi. Sauti zenyewe za ukutani zilibaki chumba cha kazi, kwa sababu zilikuwa mbovu, na watu hawasafiri mbali kuja kusikia mikwaruzo.

Ukuta wa Wande uliokolewa wakati kijiji chake kinakaribia kumezwa na bwawa. Sikio lilipoupitia mara ya kwanza liliandika hivi:

mke mwenzangu … kisha njoo … usilambe asali … mume wetu akirudi …

Nyamizi hakuhitaji kuyasoma sana. Wake wawili, mume mmoja, kibuyu kimoja cha asali. Akamtafuta ndugu aliye hai, akampata Bi Kashindye kule Bustani ya Utulivu, ambako wazee wote wa mji walihamishiwa ili wapumzike na kelele za watoto, na watoto wapumzike na wao. Bi Kashindye hakuwahi kusikia kwamba babu yake alioa mke wa pili. Wande mwenyewe alimkumbuka kwa jambo moja tu, lile la gari. Basi Nyamizi akamwandika Wande mchungu na mchoyo, na mke mdogo akamwandika mtamu, akampa jina la Msimbi. Mambo yakakaa vizuri sana. Msimbi akapendwa na mji mzima. Wande akawekwa chumba cha mwisho pamoja na ukuta wake, na kule hakuingia mtu ila aliyepotea njia ya chooni.

*

Mwezi huo mafundi walisafisha upande wa chini wa ukuta wa Wande, uliokuwa umefunikwa na masizi ya jiko, na Sikio likapita tena. Likaleta mstari mmoja mpya:

mke mwenzangu … fungua mdomo nione … jino limekwenda wapi

Nyamizi alisisimka mwili. Alidhani anamjua Msimbi wote, na kumbe kulikuwa na siku ambayo Msimbi alitokwa na jino, yeye hana habari. Jino la mwanamke mzima halidondoki lenyewe. Alikaa akaandika, na maneno yakaja mbio. Masele, babu yake Bi Kashindye, anarudi kutoka porini alikokwenda kurina asali. Amelewa. Neno moja, ngumi moja. Wande mchungu anamshika mke mwenzake kidevu, na kwa mara ya kwanza anamhurumia. Alipomaliza kusoma alichoandika alilia, kile kilio cha kujipongeza.

Mama Kabula, mkuu wa Nyumba, alilia pia. "Hii itatikisa watu," alisema. "Lakini ndugu asikie kwanza, ndivyo sheria inavyotaka. Akikubali, Masele anaingia hivyo kwenye kumbukumbu."

"Hivyo kwamba alimpiga mkewe."

"Si ndivyo ukuta unavyosema?"

"Ukuta unasema jino."

"Basi hayo mengine ndiyo kazi yako, Nyamizi."

*

Jumanne iliyofuata Bi Kashindye alikuja na mume wake, maana jambo la ukoo halisikilizwi na mtu mmoja. Mzee Luhende alikuwa mrefu, mwembamba, kofia kichwani, na macho ya mtu anayetafuta wa kumchokoza. Nyamizi aliwapokea chumba cha kazi, akawaamkia, akawavutia viti.

"Marahaba, marahaba," alisema Mzee Luhende, akimkagua toka juu mpaka chini. "Kumbe mke wangu mdogo ndiye huyu? Umejificha huku, mimi kule nalishwa uji na mashine."

Nyamizi hakujua aangalie wapi. Hakuna mzee aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Kwa kweli hakuna mzee aliyewahi kumwambia neno lolote nje ya kazi. Alimgeukia Bi Kashindye akitegemea kuona hasira, akakuta bibi anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Msamehe, mke mwenzangu," alisema Bi Kashindye. "Huyu mume wetu akiona binti anasahau hata mgongo wake unauma."

Nyamizi alikuwa ameshika karatasi za ile hadithi. Alizishusha taratibu mapajani.

"Umeniitaje, Bi?"

"Mke mwenzangu. Umechukia?"

"Hapana. Nataka kujua kwa nini umeniita hivyo."

Wazee walitazamana kama watu walioulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Wewe si rika la wajukuu zetu?" alisema Bi Kashindye. "Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Ni utani. Sasa na mimi ndiye mwenye mume, tutaitanaje mimi na wewe kama si wake wenza? Tunamgombania huyu. Ukimtaka mchukue leo hii, na dawa zake."

"Nani aliwafundisha?"

"Hakufundishwa mtu. Nyumba zote zilikuwa hivyo. Mama anakuchapa, bibi anakutania. Nyie mmekulia na nani, masikini? Mjukuu wangu namwona kwenye kioo cha simu mara moja kwa mwezi. Siku moja nilimwita mke mwenzangu, akamwita mama yake aje aone kama nina homa."

Mzee Luhende aliguna. Halikuwa jambo la kuchekesha kwake.

"Na Bibi Wande," Nyamizi aliuliza. "Yeye alikuita hivyo?"

Bi Kashindye akaacha kutabasamu. "Sikumbuki. Nilitolewa pale sijaanza hata shule. Nakumbuka gari."

"Haya, na hiyo hadithi?" aliuliza Mzee Luhende.

Nyamizi alizikunja karatasi mara mbili. "Haijaiva, Mzee. Mnisamehe, nimewasumbua bure."

"Si bure," alisema mzee akiinuka kwa fimbo. "Nimeondoka na mke."

*

Mchana, wageni wakiwa wamekwenda kula, Nyamizi aliomba sauti zenyewe. Hakuwahi kuzisikiliza. Wajazaji husoma kile ambacho Sikio limeandika. Kusikiliza mikwaruzo ni kazi ya mafundi, na yeye alijiona ni msanii. Alivaa vidude vya masikioni, akafumba macho.

Kwanza ulikuja mchakacho wa kiganja juu ya udongo, shwaa, shwaa, kama mtu anayefagia mbali sana. Halafu Wande. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya kuvuta, na ndani yake mlikuwa na kicheko kinachozuiwa. Nyamizi alitafuta ule uchungu aliouandika, hakuuona popote. Akafika pale pa "kisha njoo". Tangu lini mtu akasema kisha njoo? Alirudisha, akapunguza mwendo, akarudisha tena.

Haikuwa kisha. Wande alikuwa anasema Kashi. Kashi, njoo.

Alivua vile vidude akabaki amekaa. Alimwonea haya Masele, mtu wa watu aliyekwenda zake zamani, ambaye alibakiza siku chache awe mpiga mke milele kwa sababu mjukuu wake Kashindye aling'oka jino la utoto. Lakini aliyemuuma zaidi ni Bi Kashindye. Wiki baada ya wiki bibi yule aliuacha mlango wa Wande kule mwisho bila kuugeuzia shingo, akaenda kumwamkia mtu aliyetengenezwa kwa mapenzi aliyopendwa yeye mwenyewe.

"Unajua maana yake," alisema Mama Kabula alipoelezwa. "Mkazi asiye na mtu nyuma yake analazwa, anazimwa asiwashwe tena. Tukiandika taarifa, wiki ijayo Msimbi hayupo."

"Najua."

"Usiandike, basi. Ile ya ngumi ifute, na Msimbi umwache alivyo." Mama Kabula hakuwa anatisha, alikuwa na uso wa mtu aliyeshafikiria jambo hilo kwa watu wengine kabla. "Yule mama amempata bibi uzeeni. Anakuja, anacheka, anarudi kwake. Leo umwambie amekuwa akimwamkia kosa la kusikia? Ukimnyang'anya Msimbi, halafu Wande asimwamini, umemwachia nani?"

Nyamizi alichukua karatasi zake akatoka. Angetamani Mama Kabula awe mbaya kidogo.

*

Jioni aliingia chumba cha Msimbi akakaa kwenye mkeka wa wageni. Hakuwahi kukaa pale. Ukiwa chini, chumba kilikuwa kikubwa kuliko kinavyoonekana kupitia kioo, na mwanga wa paa ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi. Harufu ya asali ilikuja na kuondoka.

"Msimbi. Nikikwambia hukuwahi kuwapo?"

Msimbi aliendelea kukamua. "Wewe ndiye ungejua."

Nyamizi alimweleza yote, utani, jino, Kashi. Ilimchukua muda, kwa sababu kila alipofika mahali pagumu alitaka kupapamba, na kila alipopamba Msimbi alimtazama akangoja amalize.

"Kwa hiyo mimi ni mtoto mdogo," alisema Msimbi mwishoni, akacheka kabla hajafika, "mlamba asali."

"Ndiyo."

"Na huyo aliyeitwa, anajua kwamba aliitwa?"

"Hajui."

Mikono ya Msimbi ilitulia juu ya sega. "Kila wiki namwambia Wande alikuwa na moyo mgumu. Nimemwambia mara nyingi sana, Nyamizi."

"Mimi ndiye niliyekuandika hivyo."

"Naweza kusema kitu ambacho hukukiandika?"

"Wakazi wengine wameweza. Wewe sijui."

"Basi tumsubiri Jumanne," alisema Msimbi.

*

Jumanne ilikuja na ukungu, na paa la vioo likawa jeupe kama maziwa. Bi Kashindye alivua viatu, akaingia. Kabla hajafungua kinywa, Msimbi alisimama. Hakuwahi kusimama, kwenye hadithi yake hapakuwa na mahali popote pa kusimama. Alizunguka sufuria, akaja mbele ya bibi, akapiga magoti.

"Shikamoo, Bi Kashindye."

Bibi alirudi nyuma hatua moja. "Bibi haamkii mjukuu."

"Ndiyo maana nakuamkia."

Bi Kashindye alimtazama yule binti aliyepiga magoti, akakitazama kioo, na Nyamizi akatoka nyuma yake. Alisema kwa maneno machache, amesimama. Kwamba hakukuwa na mke wa pili. Kwamba kulikuwa na ukuta, na neno ambalo yeye hakulijua mpaka alipoitwa nalo.

"Kwa hiyo mlinidanganya."

"Ndiyo, Bi."

"Nimekuja hapa na goti langu, mvua na jua, naongea na hewa."

"Ndiyo."

Nyamizi alidhani bibi ataondoka, na pengine alikuwa anaondoka, maana aligeukia viatu vyake. Lakini Msimbi bado alikuwa chini, salamu yake haijaitikiwa.

"Na huyu atakwenda wapi?"

"Atalazwa."

Bi Kashindye aliviacha viatu. Halafu akarudi, akanyoosha mkono juu ya kichwa kile cha nuru, mkono ukapita.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Inuka. Sakafu ya humu ina baridi."

Msimbi aliinuka. Kule nyuma, kwenye sega lililoachwa, tone la asali lilikuwa limefika chini, sufuriani.

*

Wande wa nuru, yule mchungu, Nyamizi alikuwa amemzima tangu asubuhi. Chumba cha mwisho kilikuwa na ukuta tu, kipande cha udongo mwekundu chenye nyufa na masizi, kimefika kifuani mwa mtu. Hapakuwa na harufu ya kitu. Nyamizi aliziachia sauti chumbani zilivyo, na mikwaruzo yake.

Shwaa, shwaa, kiganja kikapita. Halafu: "Mke mwenzangu. Kashi, njoo."

Bi Kashindye alimshika Nyamizi mkono kwa nguvu ambazo hakudhaniwa kuwa nazo. "Hakuna anayeniita Kashi. Hata mama hakuniita hivyo."

"Usilambe asali," ilisema sauti. "Mume wetu akirudi…" Hapo mchwa walikuwa wameila.

"Anacheka," alisema Bi Kashindye. "Msikilize. Anataka kuwa mkali, anashindwa."

"Ndiyo, Bi."

Walisikiliza tena. Bibi alikuwa analia bila kujifuta, na Nyamizi naye, safari hii bila kujipongeza.

"Sasa kwa nini hakutoka nje siku ile?"

"Ukuta hausemi."

"Si wewe mjazaji? Jaza."

Nyamizi alikuwa nayo tayari, yote. Wande nyuma ya mlango, pembe ya kanga mdomoni, asisikiwe na mtoto. Ingekaa vizuri sana. Bibi angeipokea na kuondoka nayo, na angekufa akiamini.

"Hapana, Bi," alisema. "Hapo sijazi."

Bi Kashindye aliitikia kwa kichwa. Akaachia mkono wake. "Kuna kingine?"

"Kipande kimoja."

Bibi alisogea mpaka pua yake ikakaribia udongo. Kiganja kikapita juu ya ukuta, mara moja, mara mbili, kikasimama.

"Mke mwenzangu," alisema Wande. "Fungua mdomo nione. Jino limekwenda wapi?"

Bi Kashindye alishika ukuta kwa mikono yote miwili, akainua uso, akafungua mdomo wake usio na meno, aonwe.